Njaa Haijazi Fomu

Nina duka la fotokopi na saiba huku Mishomoroni, Kisauni, Mombasa, mkabala na shule ya msingi ya serikali. Wauza nguo wana Idi, wavuvi wana kaskazi, na mimi mavuno yangu ni Januari. Wazazi hujaa mlangoni tangu asubuhi na bahasha za kaki mikononi, kila mmoja akiniomba nimharakishie kwa sababu kwa chifu foleni ni ndefu zaidi.

Kwa asiyewahi kuishika fomu ya basari, yaani ya kuomba msaada wa karo, viambatisho ndivyo vinavyonilisha. Nakala ya kitambulisho cha baba na cha mama. Cheti cha kuzaliwa cha mtoto. Ripoti ya muhula uliopita, barua ya karo kutoka shuleni, barua ya imamu au pasta, na kama mtoto ni yatima, cheti cha kifo. Kisha muhuri wa chifu juu ya yote. Basari ya mbunge ina fomu yake, ya kaunti ina yake, na wafadhili wengine wana zao. Ukurasa mmoja kwangu ni shilingi 5. Mama anayefulia watu nguo Nyali anaweza kuniachia mia na ushee kwa kuthibitisha kwamba hana pesa, na hapo hujaweka nauli ya tuktuk ya kwenda kwa chifu, wala ya kurudi kesho yake kwa kuwa chifu aliitwa mkutanoni.

Sijitoi. Biashara ni biashara na nami nina watoto wanaokula. Ila ukikaa nyuma ya mashine hii muda wa kutosha unagundua kwamba foleni yote ile ni ya wazazi wa sekondari na vyuo. Basari kwa kawaida huanzia huko. Yaani mtoto anayeombewa msaada ni yule aliyekwisha kuvuka, aliyesoma akajua, akafanya mitihani akapata barua ya kuitwa. Wale waliozama kabla ya hapo hawana fomu. Hao nawaona saa saba na nusu mchana, wakati kaunta imetulia.

Mabuyu ya shilingi tano yana rangi inayoshika ulimi hadi jioni. Mtoto akija dukani mchana, akakuamkia shikamoo na ulimi umeiva rangi, jua amekula, na hicho ndicho alichokula. Sukari, rangi na mbegu za kutemea barabarani. Yanalidanganya tumbo kwa saa moja, pengine na nusu, halafu saa tisa kasoro mtoto yuleyule amelaza kichwa juu ya dawati na mwalimu anamuuliza kama alilala matangani.

Muhula uliopita alikuja mmoja wa gredi ya tatu. Shati la shule lilikuwa la kakake, mikono imekunjwa mara tatu.

“Ami, nataka picha ya ng’ombe, mbuzi na kuku.”

“Ya rangi au nyeusi?”

“Ticha amesema ya rangi.”

“Ya rangi ni ishirini, mwanangu.”

Akafungua kiganja. Sarafu ya kumi, ina jasho. Akaitazama, akafikiri kidogo, akaniambia, “Basi nipigie nusu.”

Msimcheke. Mtaani kwetu kila kitu kina nusu. Kuna nusu mkate, kuna mafuta ya kupimia, kuna kitunguu kilichokatwa kati kikafunikwa kwa sahani kikingoja mnunuzi wa pili. Kwa mtoto aliyekulia katika hesabu hiyo, picha ya kumi kwenye mashine ya ishirini ni jambo la kawaida kabisa. Nilimtolea ukurasa mzima, na hapo pia msinisifu, maana wino wa mashine ulikuwa unaishia na kuku akatoka wa kijani.

Mamake alikuja baadaye kutoa nakala ya ripoti ya mtoto huyo. Mtaala huu wa umilisi hautoi tena nafasi ya kwanza wala ya mwisho. Unampima mtoto kwa matarajio. Wapo wanaozidi matarajio, wapo wanaoyafikia, wapo wanaoyakaribia. Wake aliandikiwa “chini ya matarajio” kwenye masomo mengi, na chini kabisa, penye maoni ya mwalimu wa darasa, maneno mawili ambayo naamini kila Mkenya amewahi kuandikiwa: Aongeze bidii. Nimetoa nakala za ripoti nyingi mno katika duka hili. Sijaona hata moja iliyoandikwa “aongezwe chakula”.

Huenda mtu akasema nakuza mambo, kwamba sisi nasi tulisoma na njaa tukafika. Kweli, wapo waliofika. Hao ndio wanaozungumza. Wasiofika hawaalikwi kwenye sherehe za wanafunzi wa zamani.

Lakini mwili hauna siasa. Ubongo wa mtoto wa miaka mitano hivi unatumia karibu nusu ya nguvu yote anayoipata kwa chakula. Ukimpunguzia chakula, kinachopungua kwanza si mbio za uwanjani. Ni kule kusikiliza, kushika kilichosemwa dakika tano zilizopita, kuvumilia hesabu ya hatua tatu bila kukata tamaa katika hatua ya pili. Akikosa madini ya chuma anapata upungufu wa damu, na mtoto wa hivyo huonekana mvivu, mzito, asiyejali. Walimu wana majina yake yote. Na kuna kudumaa, ambako kunatokea mapema zaidi, tangu mimba hadi mtoto anapotimiza miaka miwili, na sehemu kubwa ya hasara yake hairudi hata ukimlisha vipi baadaye. Utafiti wa kitaifa wa afya na idadi ya watu wa 2022 ulikuta asilimia 18 ya watoto wa Kenya walio chini ya miaka mitano wamedumaa. Kaunti iliyoongoza nchi nzima ni Kilifi, asilimia 37. Kilifi kutoka dukani kwangu ni matatu moja. Unavuka Mtwapa umefika. Nusu ya jirani zangu wametoka huko, na watoto wao wamo katika shule hii ninayoitazama kila siku.

Minyoo nayo tuiseme, ingawa si jambo la kuzungumzwa mezani. Pwani, kwa joto na mchanga wetu na vyoo vyetu tunavyovijua, minyoo ni wenyeji. Miaka ya mwisho ya 1990 kule Busia wachumi walifuatilia shule zilizopewa dawa ya minyoo na zile zilizokuwa bado, wakakuta utoro ulipungua kwa takriban robo. Mmoja wao, Michael Kremer, baadaye alipata tuzo ya Nobel ya uchumi, 2019. Kidonge kimoja cha bei ya mabuyu kilirudisha watoto darasani. Kwa hili serikali ilisikia, na mpango wa kitaifa wa kutoa dawa hiyo mashuleni ukaanza 2009. Nalitaja kwa sababu haki ni haki: pale ilipoamua, ilifanya. Kwa hiyo habari ya kwamba haiwezekani huwa naisikiliza kwa sikio moja.

Kuna ticha mmoja, mteja wangu wa miaka mingi, huja kutoa nakala za mitihani. Darasani kwake kuna watoto sabini na kitu. Aliniambia Hisabati huziweka zote kabla ya mapumziko ya saa nne. “Baada ya hapo, kaka, nafundisha madawati.” Nikamuuliza kwa nini hawaongei, walimu wote hawa, kwa nini hawaandiki wakasema. Akacheka. Anayeandika hupata barua ya uhamisho, alisema, na yeye nyumba yake iko Kiembeni.

Shule yenyewe ina chakula, kwa anayelipa. Wazazi walikubaliana kwenye mkutano, kila mmoja atoe kiasi kwa muhula, wapikwe maharagwe na mahindi, Ijumaa wali. Mpango si mbaya. Wasiolipa ni wengi kuliko waliolipa, na wakati wa chakula wao hukaa chini ya mkungu uliopo karibu na ukuta, upande wa barabara, ambako mimi nawaona vizuri. Hawalii, hawaombi. Wanacheza. Wanacheza kwa kelele zaidi kuliko wale wanaokula. Mkungu ukizaa, wanaokota kungu, wanazipasua kwa jiwe na kula kiini. Ukiwa mgeni utadhani hao ndio wenye raha shuleni.

Sasa nije kwenye pesa, maana hapo ndipo naudhika.

Katiba ya 2010, kifungu cha 53, inampa kila mtoto haki ya elimu ya msingi ya bure na ya lazima, na katika kifungu hichohicho, mstari unaofuata tu, inampa haki ya lishe, makazi na matibabu. Waliyaandika pamoja. Sisi tumeyatenganisha. Elimu ya bure ilikuja 2003 chini ya Kibaki, na naikumbuka Januari ile, watu wazima wakilia kwa furaha barabarani na wazee wenye mvi wakitaka kuandikishwa darasa la kwanza. Serikali ikaahidi shilingi 1,020 kwa kila mtoto wa msingi kwa mwaka. Baadaye ikapandishwa hadi 1,420, na hapo ikatia nanga. Igawanye kwa siku za masomo: ni kama shilingi saba au nane kwa siku. Kwa hizo ununue vitabu, chaki, ulipe stima na maji na bawabu. Dukani kwangu, pesa ya serikali ya kumsomesha mtoto siku nzima inatoa nakala moja na chenji ya shilingi mbili au tatu.

Hata hizo ziwe zinafika. Kwa miaka kadhaa pesa zimetumwa kwa kufuata majina yaliyomo kwenye mfumo wa wizara, na kuingia kwenye mfumo kumehitaji namba ya cheti cha kuzaliwa. Hapa kwetu mtoto aliyezaliwa nyumbani kwa mkunga, baba hajulikani alipo, mama kitambulisho chake kilipotea wakati wa mafuriko, cheti atakipata wapi na lini? Mwalimu mkuu hamfukuzi, atakuwa na moyo gani? Anamkalisha. Basi shule inasomesha wawili kwa pesa za mmoja, na mtoto yuko darasani lakini kwa Nairobi hajazaliwa.

Sekondari ahadi ni shilingi 22,244 kwa mwanafunzi. Julai 2025 Waziri wa Fedha, John Mbadi, aliwaambia wabunge waziwazi kwamba serikali haimudu kiasi hicho. Kelele zikapigwa, na siku chache baadaye tukahakikishiwa kwamba elimu ya bure ingalipo. Mimi nilimwonea huruma Mbadi. Alikosea kusema kweli mbele ya kamera.

Na kabla sijaendelea, lazima nipitie Mikindani, kwa sababu ukizungumzia umaskini na kichwa cha mtoto katika mji huu ukaacha kuitaja Owino Uhuru, umeficha nusu ya habari. Kiwanda cha kuyeyusha betri kuukuu za magari kilianza kazi ubavuni mwa kijiji hicho mwaka wa 2007. Watu waliishi pale kwa sababu kodi ilikuwa rahisi, na kodi ilikuwa rahisi kwa sababu ni pale. Moshi na maji machafu vilibeba madini ya risasi hadi kwenye vumbi la uwanja walikochezea watoto. Risasi haina kiwango kilicho salama mwilini mwa mtoto. Inaingia kwenye ubongo, inapunguza akili na utulivu, na ikishaharibu haikarabatiki. Phyllis Omido, aliyefanya kazi katika kiwanda hicho na mtoto wake mwenyewe akaugua, ndiye aliyeongoza wanakijiji kupiga kelele, na kiwanda kikafungwa 2014. Mwaka wa 2020 Mahakama ya Mazingira na Ardhi hapa Mombasa ikawapa wakazi fidia ya shilingi bilioni 1.3. Mwaka wa 2023 Mahakama ya Rufaa ikaitengua. Desemba 2024 Mahakama ya Juu ikairudisha. Mtoto aliyezaliwa mwaka kiwanda kilipowasha tanuri, siku hukumu ya mwisho inasomwa ana miaka 17. Amemaliza shule, au shule imemmaliza. Na katika miaka hiyo yote, sina shaka, kuna ripoti zilizoandikwa: aongeze bidii.

Ukiuliza nani anahusika na mtoto wa chini ya mkungu, utazungushwa mpaka uchoke. Chekechea ni ya kaunti, Katiba imesema hivyo katika jedwali la nne. Kuanzia gredi ya kwanza ni ya serikali kuu. Mwakilishi wadi atakwambia choo cha shule ya msingi si kazi yake, na kisheria yuko sahihi. Mbunge atakwambia yeye ni mtunga sheria. Afisa wa elimu anangoja Nairobi. Hapo kila mmoja ni bingwa wa Katiba.

Ila pakitajwa basari, ghafla wote wanahusika. Januari 2025 Msimamizi wa Bajeti alizikumbusha kaunti kwamba sekondari na vyuo si majukumu yao, na kama wanataka kutoa basari huko basi waandikiane makubaliano na serikali kuu. Magavana walikimbia mahakamani. Mwaka uliotangulia, Septemba 2024, Mahakama Kuu ilikuwa imeamua kwamba mfuko wa maendeleo wa wabunge unaotoa basari zao, NG-CDF, unakiuka Katiba na ukome kufikia Juni 2026. Wabunge nao wakakimbilia mswada wa kubadilisha Katiba ili kuuokoa. Nilisoma habari zile zote kwenye simu nikiwa hapa kaunta. Sikumbuki gavana aliyekwenda mahakamani kudai apewe jukumu la kuwapikia watoto wa gredi ya pili, wala mbunge aliyetaka Katiba ibadilishwe kwa ajili ya uji.

Sababu yake naijua kwa sababu mabango yao nachapisha mimi. Basari ina picha. Kuna hundi kubwa ya kadibodi, kuna uwanja, kuna viti vya plastiki na spika, kuna mheshimiwa amesimama katikati na mama mwenye furaha upande wa kulia. Mama yule anakwenda nyumbani akijua jina la aliyemsaidia. Sahani ya maharagwe ya kila siku ikitoka kwa sheria, mtoto anakula, anashiba, hamjui mtu. Hamshukuru mtu. Hakuna mwanasiasa aliyewahi kuchaguliwa kwa tumbo ambalo halimjui. Wakisema wanasiasa hawajali, mimi nasita kidogo. Wanajali sana. Wanajali kipande kile cha umaskini kinachoweza kurudisha kura, na mtoto wa miaka saba hana kura, wala hatakumbuka, Agosti ya uchaguzi, atakapofika miaka kumi na minane.

Nilimwambia haya mama mmoja aliyekuwa akingoja nakala zake. Anauza samaki wa kukaanga jioni pale Mlaleo, ana watoto wanne, mkubwa yuko kidato cha tatu. Alinisikiliza mpaka mwisho, kwa adabu, kisha akaniambia:

“Babangu, maneno yako mazuri. Lakini wewe wanipa haki, na yeye anipa elfu tano. Haki utaipeleka kwa basa wa shule?”

Sikuwa na jibu wakati ule na bado sina zuri. Elfu tano ni elfu tano. Mtoto wake yuko darasani kwa sababu ya fedha hizo, na mtu akija kuniambia basari zifutwe kesho nitamuuliza anakaa mtaa gani. Ninachosema ni kwamba mama huyu ana wengine watatu chini ya yule, na wa mwisho namfahamu. Ana ulimi mwekundu.

Wa umri wangu wataniuliza kuhusu maziwa ya Nyayo. Naam, nilikunywa. Moi aliyaanzisha 1979, na pakiti zile za pembe tatu zilifika hadi shule za vichochoroni. Tulizipasua kwa meno. Kulikuwa na wenzetu waliokuja shule kwa ajili ya siku ya maziwa tu, na siku hiyo darasa lilijaa kiasi cha kukaa watatu watatu. Walimu walijua, kila mtu alijua. Kisha yakaanza kuchelewa, kisha yakawa ya hadithi, na miaka ya tisini yakafa kimyakimya bila hata tangazo. Tulikuwa tumeimbishwa nyimbo za kuyashukuru, na labda hapo ndipo ilipokuwa kasoro yake. Kilichotolewa kama zawadi, hakuna aliyethubutu kukidai kilipokoma. Utamwambiaje mtu “mbona hujaniletea zawadi yangu”?

Chakula cha shule katika maeneo makavu ya nchi kilikuwepo tangu 1980 chini ya Shirika la Chakula Duniani, na 2018 serikali ikakabidhiwa mzigo wote. Sisi wa mjini hatukuwa kwenye hesabu sana. Umaskini wa mjini haupigi picha vizuri. Una barabara ya lami mbele yake na meli bandarini nyuma yake, mtu akipita na gari atasema hawa wana bandari, wana nini cha kulalamikia. Lakini Nairobi nako ni mjini, na tangu 2023 kaunti yao imejenga majiko makubwa na mtoto wa shule ya umma anakula mchana kwa shilingi tano. Wana kasoro zao, nina hakika, na gavana wao hakuacha kupiga picha. Hata hivyo shilingi tano ni bei ya mabuyu. Ndiyo sarafu ileile, ikihama kutoka kiganja kimoja kwenda kingine.

Watakaoniambia Mombasa hatuna pesa, waje Agosti ya uchaguzi wakae nami dukani. Mwaka 2022 sikuzima mashine. Madarasa ya shule hii huwa kituo cha kupigia kura, na ndiyo siku pekee ambapo wagombea wote, na mawakala, na waangalizi kutoka nchi za watu, huingia ndani ya vyumba vile. Masanduku ya kura yaliwekwa juu ya madawati. Mwaka ule kura ya ugavana tuliipiga tarehe 29 Agosti kwa kuwa iliahirishwa, kwa hiyo wakubwa walipata fursa ya kuingia mara mbili. Dawati moja lilikuwa bovu, mguu umefungwa kwa kamba ya mkonge, likawa linayumba kila sanduku likiguswa. Afisa wa uchaguzi akaomba kadibodi dukani kwangu ya kuingiza chini ya mguu. Nilimpa. Siku ya pili madarasa yalirudi kuwa madarasa, na kadibodi ikabaki palepale. Watoto wamelitumia dawati hilo hivyohivyo.

Bajeti ya kaunti ina kalenda yake, na kalenda hiyo haifichwi. Waraka wa mikakati ya fedha hupelekwa bunge la kaunti kufikia tarehe 28 Februari, makadirio yenyewe kufikia 30 Aprili, na kabla ya hapo sheria inataka wananchi waulizwe. Tangazo hutoka gazetini, mkutano huwekwa katikati ya wiki asubuhi, ukumbini, wakati mama fua yuko kwenye beseni na kibarua wa Shimanzi yuko godauni. Niliwahi kwenda. Tulipewa maji ya chupa. Wengi waliosimama waliomba basari iongezwe. Mimi niliuliza kuhusu chakula cha chekechea, kwa kuwa hilo angalau hakuna atakayeniambia ni la Nairobi. Afisa aliandika kitu, akasema, “Tumechukua, mzee wangu.” Kwenye kitabu cha bajeti kilipotoka nilitafuta mstari huo kwa kidole, ukurasa kwa ukurasa, na kile kitabu ni kinene.

Nilichojifunza ni kwamba maoni ya mdomo hayaachi alama, ila barua iliyoandikwa, ikapigwa muhuri wa kupokewa, inabaki na ushahidi kwamba ilifika. Basi mzazi wa Kisauni mwenye mtoto wa chekechea, Februari kabla waraka haujapelekwa, ukiandika barua yako kwa karani wa bunge la kaunti ukidai jiko na chakula cha mchana kwa shule zote za chekechea za wadi yako, uje nikuchapie na kukutolea nakala mbili bure, moja ya kupeleka na moja ya kupigiwa muhuri ubaki nayo. Andika jina la wadi, idadi ya watoto, na kama wana maji ya kupikia. Kama hujui kuandika, uje saa tano asubuhi wateja wamepungua, utasema na mimi nitaandika.